Ati Bila Kiingereza Utalala Njaa

Kuna semi mbili zinazotembea nchini mwetu, na zote mbili nazipinga. Ya kwanza husemwa na watu waliokwisha kusafiri: ati mtu asiyejua Kiingereza akivuka mpaka atalala njaa, kwa kuwa hataweza hata kuomba maji ya kunywa. Ya pili husemwa na watu wa moyo laini: ati chakula ndiyo lugha ya dunia nzima, na penye sahani na tabasamu hapahitajiki neno. Usemi wa kwanza unawatisha watoto wetu, wa pili unawabembeleza. Kati ya hizo mbili hakuna iliyo kweli, na mimi niliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini naona ni wajibu wangu kulisema hilo waziwazi.

Usemi wa kwanza niliusikia kwa masikio yangu katika mahafali ya shule moja ambayo sitaitaja. Mgeni rasmi, mtu mwenye suti nzuri na sauti ya kujiamini, aliwaambia wazazi, tena kwa Kiswahili fasaha, kwamba mtoto asiyezungumza Kiingereza ni bubu mbele ya dunia. Wazazi wakapiga makofi. Ukutani, nje ya darasa la nne, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ule kilining'inia kibao chenye kamba. Nilipouliza kazi yake, mwalimu kijana alinieleza bila haya kwamba huvishwa shingoni mtoto anayekutwa akisema Kiswahili, naye hukaa nacho mpaka amnase mwenzake. Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Tunamfunza mtoto wa miaka kumi upelelezi, na kosa analolipeleleza ni mwenzake kusema kama asemavyo mama yake.

Kabla sijaitwa adui wa Kiingereza, naomba nieleweke. Nilikisoma chuo cha ualimu, nimekifundisha, na ninakisoma hadi leo. Mwalimu Nyerere alikijua kiasi cha kumtia Shakespeare katika Kiswahili, na tafsiri yake ya *Mabepari wa Venisi* ilitoka mwaka 1969. Aliyekijua kiasi hicho alikitumia kuitajirisha lugha ya kwao. Ugomvi wangu hauko na lugha yoyote. Ugomvi wangu uko na yule anayeifanya lugha moja kuwa kipimo cha utu, kisha akawauzia wazazi hofu kwa ada kubwa.

Nauliza: mgeni rasmi anaposema "dunia", anakusudia nini? Nadhani anakusudia uwanja wa ndege, hoteli na ukumbi wa mikutano. Huko ni kweli Kiingereza kinatawala. Lakini dunia ina nyumba nyingi kuliko hoteli, na anayekukaribisha nyumbani kwake hakuulizi cheti. Nitatoa mfano ninaoujua.

Mwaka 2012, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilikwenda Addis Ababa kumwona binti yangu aliyekuwa amepata kazi huko, nikakaa majuma matatu. Ethiopia iliwahi kukaliwa kwa mabavu na Waitaliano kuanzia 1936 hadi 1941, lakini haikupata kutawaliwa kwa vizazi kama sisi. Ina lugha zake na ina maandishi yake yenyewe, na vibao vya maduka vimeandikwa kwa herufi ambazo mimi sikuzijua hata moja. Mwalimu mkuu mzima nilitembea mtaani kama mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza.

Jirani wa binti yangu alikuwa mzee wa rika langu, mstaafu wa ile reli ya zamani iliyojengwa na Wafaransa kutoka Djibouti na kufika Addis Ababa mwaka 1917. Reli ile iliendeshwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mzee yule alikijua Kifaransa, na Kiingereza hakukijua kabisa. Mimi Kiingereza ninacho, Kifaransa sina. Asubuhi ya kwanza alinisalimu kwa Kifaransa, nikamjibu kwa Kiingereza. Tukatazamana, tukaangua kicheko. Wazee wawili wa Kiafrika, kila mmoja na lugha yake ya Ulaya aliyoipata kwa jasho, na lugha zote mbili hazikuweza kuombea hata chumvi! Hapo ndipo nilipotamani mgeni rasmi wetu awepo, aone.

Siku ya tano, binti yangu akiwa kazini, mzee yule alinikaribisha chakula. Alininyoshea vidole saba, akasema, "sebat saat". Nikamwonyesha jua likiwa limevuka utosi kidogo, akaitikia kwa kichwa. Saa saba mchana! Waethiopia huhesabu saa kama sisi tunavyohesabu, kuanzia mapambazuko, hata saa moja yao ni saa moja yetu. Mtu aliyezoea kufikiri kwa saa ya Kiingereza angefika saa moja jioni, akakuta vyombo vimekwisha kuoshwa na mwenyeji amenuna.

Nilipoingia, kijana wa nyumba alikuja na birika la maji na beseni, akaninawisha mikono, kisha akamnawisha babu yake. Nani kati yetu anahitaji kufasiriwa hilo? Katikati ya chumba palikuwa na kapu refu lililosukwa mfano wa meza, na juu yake sinia moja kubwa. Sinia lilikuwa limetandikwa injera, mkate mpana mwembamba kama chapati, laini, wenye vitundu na uchachu, unaotengenezwa kwa tefu, nafaka ambayo punje yake ni ndogo hata kuliko ya ulezi. Juu ya injera yalipangwa mafungu ya dengu nyekundu zenye pilipili, mchuzi mzito wa unga wa kunde, na mboga za majani. Nyama haikuwapo, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na Wakristo wa kanisa la Orthodox wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai siku za Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima. Mzee akanyosha mkono juu ya sinia akasema, "inibla". Binti yangu alikuwa amenifundisha neno hilo: maana yake ni "tule". Hulisema mtu yeyote anayekutwa akila, hata fundi ujenzi kando ya barabara akikuona unapita. Ni "karibu tule" yetu, haijapungua wala kuzidi.

Tulikula sinia moja kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake, bila kuvuka mpaka kwenda kuchokoa upande wa mwenzake, kama mama zetu walivyotufundisha tukiwa wadogo. Katikati ya chakula mke wa mzee alikunja tonge nono la injera na dengu, akalileta kinywani mwangu kwa mkono wake mwenyewe. Desturi hiyo huitwa "gursha", nayo ni heshima kubwa. Kuikataa ni kumwaibisha mwenyeji. Nilifungua kinywa. Baadaye nikakunja tonge langu, nikampa mzee. Watoto wakapiga vigelegele.

Kisha ikaja kahawa. Mama alikaa kwenye kigoda, akaosha buni mbichi, akazikaanga kwenye kikaango juu ya makaa, akatupitishia moshi wake kila mmoja aunuse, akazitwanga kinuni, akachemsha katika birika la udongo lenye shingo ndefu, huku ubani ukifuka na bisi zikipita katika bakuli. Kahawa kwao ni "buna". Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya mazungumzo yoyote mazito, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa kwamba kahawa ni adabu kabla ya kuwa kinywaji. Nilinyosha kidole kwenye zile punje, nikasema, "buni". Mzee alishtuka kwa furaha. Akaonyesha sukari: kwao "sikwar". Akaonyesha sabuni pale kwenye beseni: "samuna". Kahawa yao hunywewa duru tatu, na ya tatu, ambayo si vizuri kuondoka kabla yake, huitwa "bereka". Nikamwambia, "baraka". Akaweka mkono kifuani. Siku mbili baadaye, katika mkahawa mmoja mdogo, nilijifunza kwamba mtu akitaka kulipa huomba "hisab", na mhudumu huleta hesabu.

Hakuna muujiza hapo. Kiamhara ni lugha ya jamii moja na Kiarabu, na Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu, kilikopa maneno mengi ya Kiarabu kwa karne nyingi za biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo maneno hayahaya hayaishii Addis Ababa. Mturuki naye husema "saat" kwa saa, "hesap" kwa hesabu, "sabun" kwa sabuni na "çay" kwa chai. Mhindi atakuelewa ukisema chai, sabuni na hesabu. Ukienda Ureno, ujue kwamba meza uliyokaa na mvinyo uliowekwa juu yake vimetoka katika lugha yao, na Wareno wenyewe huiita chai "chá", kama vile Wachina wa kaskazini. Mtoto anayesema Kiswahili huvuka mpaka na mfuko wa sarafu ndogondogo zinazokubalika katika masoko mengi. Nasi tunamvisha kibao shingoni kwa kuwa amekutwa nazo!

Usemi wa kwanza, basi, umeanguka. Sikulala njaa. Nilishiba, na nilishiba bila neno hata moja la Kiingereza. Najua nitajibiwa kwamba nilikuwa na binti pale mjini, na kwamba yeye anajua Kiingereza, ndicho kilichompa kazi. Ni kweli. Lakini binti yangu aliponielekeza juu ya Ijumaa, juu ya gursha na juu ya neno "inibla", hakuwa ameyapata hayo kwa Kiingereza. Aliyapata kwa kukaa sokoni na jikoni na kuuliza kwa Kiamhara cha kubabaisha mpaka kikanyoka. Kiingereza kilimfungulia mlango wa ofisi. Mlango wa nyumba aliufungua kwa unyenyekevu wa kujifunza.

Sasa nawageukia wale wa usemi wa pili, ambao hadi hapa bila shaka wananishangilia. Watasema: unaona, Mwalimu, chakula ndiyo lugha! La hasha. Hebu hesabuni mambo yaliyoiwezesha karamu ile. Nilijua kwamba Ijumaa haina nyama. Asiyejua angemwona mzee yule mchoyo, au angeuliza kwa ishara kuku yuko wapi. Nilijua kufungua kinywa kwa tonge la mwenyeji. Asiyejua angerudi nyuma kwa kinyaa, na karamu ingekwisha pale pale. Nilijua kusubiri duru ya tatu. Hayo yote ni maarifa, na maarifa hufundishwa. Mezani mna sarufi yake: nani hunawa kwanza, mkono upi hutumika, mpaka wa tonge uko wapi, nani huondoka lini. Tulielewana kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amefundishwa sarufi hiyo nyumbani kwake tangu utoto, na sarufi zetu zilifanana. Tabasamu peke yake halijui lolote kati ya hayo. Nimewaona watu wenye tabasamu pana wakiwatukana wenyeji wao kwa mkono wa kushoto.

Na kuna jambo zito zaidi. Juu ya ukuta wa chumba kile palikuwa na picha ya kijana wa miaka ishirini hivi, nywele zimetimka, kola ya shati pana kama tulivyovaa sote miaka ya sabini. Baada ya duru ya pili ya kahawa mzee aliniona nikiitazama. Akainuka, akasimama chini yake, akazungumza. Alizungumza muda mrefu, kwa Kiamhara, polepole, kama mtu anayetaka kila neno lifike. Mkewe aliinamisha kichwa. Mimi najua kilichoipata nchi ile baada ya jeshi kumpindua mfalme Haile Selassie mwaka 1974, na najua kwamba katika miaka ya 1977 na 1978 vijana wengi waliuawa katika yale yaliyoitwa Ugaidi Mwekundu. Lakini habari ya kijana yule mmoja, jina lake, na lile neno lililoifanya sauti ya baba yake ikatike, hayo hayakunifikia. Sinia lilikuwa tupu, tumbo limejaa, urafiki upo, na mimi nimesimama mbele ya msiba wa mwenzangu kama jiwe. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Ndicho nilichokuwa nacho.

Wenye kusema chakula ndiyo lugha waje wanijibu hapo. Chakula kilinipa mahali pa kukaa. Hakikunipa habari ya nyumba ile. Ukishiba kwa mtu unakuwa umefika mlangoni tu. Kuingia ndani kwataka lugha, tena lugha yake, ile anayoitumia kulilia wafu wake. Hapo si Kiingereza changu wala Kifaransa chake kingeweza kuchukua nafasi.

Kwa hiyo nasema nini? Nasema kwamba woga na ulaini vyote vinatuzuia tusifanye kazi yetu. Mwoga husema lugha moja yatosha, ila iwe ya bwana mkubwa. Mlaini husema hakuna lugha inayohitajika. Wote wawili wanamwondolea mtoto taabu ya kujifunza kuketi na mtu asiye wa kwao.

Kwenye mikutano ya wakubwa mambo yameanza kusogea. Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, katika jiji lile lile la Addis Ababa, na wafasiri hawakuwa tayari. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Nafurahi. Lakini haifai tukishangilie Kiswahili mikutanoni Julai, kisha Agosti tuwavishe watoto vibao. Wala haifai tugeuke nasi kuwa mabwana wakubwa, twende kwa Mwethiopia, Mkongo au Msudani tukidai atuandalie chakula kwa Kiswahili. Hilo litakuwa kosa lile lile limevaa kanzu badala ya suti.

Walimu wenzangu, mlio bado kazini, nawaomba mambo matatu. Kwanza, adhabu ya kusema lugha ya nyumbani ikome. Kiingereza kifundishwe vizuri, na walimu wanaokijua, kwa vitabu vya kutosha. Fimbo na aibu havijapata kumfundisha mtu lugha, vimemfundisha kunyamaza tu. Pili, rudisheni somo la adabu ya mgeni, lile ambalo sisi tulifundishwa kwa vitendo: kumnawisha mtu mikono, kumkaribisha, kumkatia sehemu nzuri, na kupokea kwa heshima hata usichokizoea. Mtoto akikunja pua mbele ya mboga ya jirani wa kabila jingine, msimcheke, mfundisheni. Tatu, darasani kwenu mkipata mtoto aliyekuja kutoka Burundi, Kongo au Somalia, mwambieni awafundishe wenzake maneno kumi ya kwao: maji, chakula, asante, pole, karibu, na mengine atakayochagua mwenyewe. Darasa zima litajifunza kwa juma moja, na mtoto yule atajua kwamba alichokuja nacho ni mali.

Na wewe mzazi, ambaye huenda unalipa ada kubwa kwa sababu ya hofu uliyouziwa, leo jioni mtakapokaa kula mwulize mwanao swali hili: akibisha mlangoni mtu asiyejua neno hata moja la lugha yetu, utamfanyaje? Akikujibu kwamba atamsemesha Kiingereza, bado hujamsomesha. Akikujibu kwamba atamletea maji anawe, atasema karibu, kisha atamwuliza kwao "karibu" husemwaje, huyo mpeleke popote duniani. Hatalala njaa.